Dada yangu alivyoficha tetekuwanga ya mwanawe kwa foundation ili akashindane kwenye barafu, Muscat

Wakuu, habari za mchana. Wenye haraka pitieni tu, huu uzi una urefu wake. Chumvi sijatia, maana ukoo mzima ulikuwepo na nusu yao wamo humu wanasoma kimya kimya.

Naishi Muscat. Sisi ni wale Waomani ambao bibi zetu walizaliwa Unguja. Dada yangu Zuwena anakaa Wattaya, hapa hapa mjini, na binti yake Raiyan, mtoto wa miaka kumi na moja, ambaye anashindana kwenye mchezo wa kuteleza na kucheza juu ya barafu.

Ndiyo, barafu. Nje jua linachemsha ubongo, ndani watoto wamevaa sweta. Chekeni, mimi nilishacheka nikachoka.

Kocha wake ni Mkenya, anaitwa Mercy. Wakati huo alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza baada ya kuhangaika miaka mingi. Sote tulijua. Dada yangu mwenyewe ndiye aliyempelekea halwa ya hongera.

Siku ya mashindano nikaenda kuwachukua dada na mwanawe. Naingia jikoni, nakuta sufuria ya majani ya mwarobaini. Mzanzibari yeyote akiona mwarobaini umechemshwa anajua kuna mtu anaogeshwa vipele.

Nikauliza. "Joto tu, Khalfan," akanijibu dada. Nikaamini. Agosti hapa hata ukuta unatoka vipele.

Njiani mtoto anajikuna tu. Mama yake anampaka foundation shingoni, tabaka juu ya tabaka, kama fundi anayepiga plasta nyumba ya kupangisha. Wasichana wetu wanacheza wamevaa nguo za mikono mirefu na soksi mpaka kiunoni, kwa hiyo kilichobaki cha kuficha ni uso na shingo. Stara siku hiyo ilipewa kazi ya ziada.

Tukafika. Raiyan akaingia barafuni, muziki ukaanza. Dada akawa kwenye simu na mama yetu, kwa sauti ya chini ya kwake, yaani ile inayosikika safu tatu:

"Tetekuwanga, mama. Imemtoka jana. Lakini usimwambie mtu, watu wana husuda."

Nikageuka. "Dada, Mercy ana mimba!"

"Sasa? Nani hakuugua tetekuwanga utotoni? Mtoto kafanya mazoezi mwaka mzima. Kaa kitako."

Daktari bingwa wetu huyo, wakuu. Kwake husuda inaambukiza, tetekuwanga ni siri ya familia.

Nikainuka nimuwahi Mercy. Dada akanishika dishdasha, hii kanzu yetu ya Kiomani, nikaiacha ivutike. Ila mpaka nashuka chini, mtoto keshamaliza kucheza.

Kwa wasioujua mchezo huu: ukimaliza, unakaa kwenye benchi na kocha wako kungoja alama za majaji. Mbele yenu kuna kamera na maiki, ukumbi mzima unawaona na kuwasikia. Hapo kazi ni kukumbatiana na kutoa machozi.

Mercy akafungua mikono. "Kuja hapa mrembo wangu! Umecheza poa sana!"

Raiyan akarudi nyuma. "Usinishike, mwalimu. Nna tetekuwanga. Mama kasema nisiseme, lakini una mtoto tumboni."

Yote hayo kwenye spika. Na kwa Kiswahili, katika ukumbi ambao nusu yake ni bibi zetu na thermos zao za kahawa. Asiyeelewa alitafsiriwa na jirani yake kabla alama hazijatoka.

Mercy akaweka mkono tumboni. "Mimi sijawahi ugua hiyo kitu," akasema, taratibu sana. Na jana yake alikuwa kamshika mtoto kiuno mazoezini, jioni nzima, anamfundisha kuzunguka.

Niliogopa, wakuu, maana kwa mjamzito asiyewahi kuugua, tetekuwanga ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni. Dhihaka zote zilinitoka.

Nikampeleka hospitali mwenyewe. Vipimo vikaonyesha kweli hana kinga. Akachomwa sindano, na daktari akasema ni vizuri amewahi, maana hiyo sindano inasaidia kabla ugonjwa haujajitokeza. Kilichobaki ni kungoja.

Huku nyuma ukoo ukakaa kikao. Mnadhani ajenda ilikuwa mimba ya Mercy? Thubutu! Ajenda ilikuwa nani kamfundisha mtoto kutoa mambo ya nyumbani kwenye maiki. Shangazi mmoja akapendekeza asomewe dua. Dada alikuwa analilia alama, eti majaji walishtuka ndiyo maana wakabana.

Wiki zikapita. Mercy akanipigia: hajatokwa na kipele hata kimoja, na mtoto anapiga mateke.

Raiyan alikuwa kwangu siku hiyo, maana kwao mama yake alikuwa anamjibu kwa mkato. Nikampa habari nikitegemea ataruka. Badala yake akauliza, "Mjomba, nilimuaibisha mama?"

Nikamwambia ndiyo, ulimuaibisha. Na ungenyamaza, mimi leo ningekuwa naona aibu kwa ajili yenu nyote wawili.

Nilichojifunza: wanaomgusa mgonjwa wana haki ya kujua anaumwa nini, mashindano yapo mwaka ujao. Wenye watoto michezoni, nyie mngemjibu nini yule mtoto? Na wewe unayeona alipaswa kulinda heshima ya mama yake, karibu utoe hoja. Ila kamwambie Mercy kwanza, mimi nitakupa namba.