Nyusi Zilizosema Ndiyo

Jumanne nilikuwa kwenye duka la dawa Kisugu. Mama mmoja mbele yangu aliuliza kama kuna dawa ya presha. Muuzaji, msichana mwenye mafua aliyevaa barakoa, aliinua nyusi tu, kama tunavyosema ndiyo hapa Kampala.

Mama akamkazia macho. "Wewe nilikufundisha Kiswahili."

Msichana akashusha barakoa ili aonekane vizuri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama aliutazama ule mdomo wenye mwanya kama wa mgeni.

"Hapana, nimekosea. Samahani, mwanangu."

"Hata mimi sikujui, Mama."

Nikakumbuka ule mwaka shule zilipofunguliwa tena baada ya korona. Nikimpeleka binti yangu, nilisikia walimu wakipaza sauti ndani ya vitambaa, na watoto wakijibu kama wako chini ya blanketi. Mwishowe walimu waliacha kudai majibu ya sauti. Mwalimu aliuliza, darasa zima likainua nyusi, somo likaendelea. Tuliilaani sana barakoa siku zile, tukisema inaficha watu. Sikudhani ningekuja kuikumbuka kwa wema.

Nadhani mama naye alikumbuka, maana alifunika mdomo wake kwa kiganja, akauliza kwa sauti ya darasani, "Tumeelewana?"

Nyusi za msichana zilipanda kabla hajafikiri.

"Madamu," akasema taratibu, kisha akapandisha barakoa yake, ili madamu amwone vizuri.