Shikamoo Iliyobaki Wodini

Homa ya uti wa mgongo ilimwacha dada yangu Zena akiwa hai na akiwa kiziwi, lakini siku aliporudi nyumbani Tura, kando ya reli, tulijua nusu tu ya habari hiyo. Niliikumbuka juzi stesheni, nilipomwona mtoto mwenye kifaa cha kusikia akigeuka treni ilipopiga honi.

Mchana ule Zena alinukia dawa za hospitali. Alimpita bibi bila kumwamkia, akaketi mkekani.

"Shikamoo umeiacha wodini?" bibi akauliza.

"Kalala kitanda cha hospitali, sasa ana maringo," nikadakia, na wote tukacheka. Zena naye akacheka, huku akitutazama midomo.

Ndipo treni ikapiga honi. Tukanyakua chupa za asali ya kuuza, tukawakimbilia abiria. Zena, ambaye siku zote alitutangulia, hakuinuka.

"Mbona mnakimbia?" akauliza, kwa sauti kubwa mno.

Bibi aliacha kucheka.

Kadi yake ya hospitali, iliyoandikwa "amepona", mama anaitunza hadi leo. Zena sasa ni fundi cherehani. Hajawahi kuniuliza tulicheka nini siku ile, nami sijamwambia.