Maua ya Viazi Siku ya Kuchimba

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, someni mpaka chini kabisa kabla hamjaanza kujibu. Nawajua. Mnasoma mistari miwili, mnarukia pale chini kuandika maneno yenu. Mimi pia nimefanya hivyo, na nitawaambia kilichonipata.

Mimi ni mwanamke wa darasa la tatu. Kusoma nilijifunza kwa Biblia na kitabu cha nyimbo, nikifuata neno kwa kidole, na hata kwa simu bado nafuata kwa kidole. Ndiyo maana wakati mwingine ukurasa hunitoroka.

Naishi Dundori, kwa shamba la viazi na ng'ombe watatu. Mzee wangu alishatangulia. Mwanangu wa mwisho na mke wake wako boma hilihili, mlango wao unatazama wangu. Watu wakiniona kanisani wanasema, mama, wewe una bahati, hukuachwa peke yako. Sawa. Lakini mwanangu akirudi kutoka kupeleka maziwa anakula macho yakiwa kwa televisheni. Nikimwambia ng'ombe mwekundu hakula leo, anasema, "Eeh, mama." Siku moja nilimwambia mbingu imeanguka nyuma ya zizi. Akasema, "Eeh, mama."

Aliyekuwa akinijibu ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa. Nilimlea tangu akiwa na miaka mitatu, kwa sababu baba yake alikuwa kazini Kariandusi, kwenye machimbo ya ule udongo mweupe, na chumba walichopanga kilikuwa kidogo na kimejaa vumbi. Alikaa kwangu mpaka akamaliza shule. Halafu akapata kazi Nakuru mjini, kwa duka linalochapisha kadi za harusi na vile vitabu vya mazishi. Siku anaondoka aliniambia anachotaka hasa ni kuchora. Nikamwambia kuchora si kazi, ni ugonjwa wa mikono isiyoshika jembe. Alifunga mkoba wake pole pole, akanisalimu vizuri, akaenda. Tangu siku hiyo akawa ananipigia Krismasi, na akisikia nina homa.

Basi, mwaka jana, mke wa mwanangu akaja jikoni kwangu na simu mkononi, anajizuia kucheka.

"Mama, hebu angalia. Huyu si ni wewe?"

Nikaangalia. Ilikuwa katuni. Mwanamke mzee mwembamba, gamboti miguuni, kitambaa kimefungwa nyuma ya kichwa, ameshika panga na anawagombeza kuku kama watu waliochelewa kanisani. Nyuma yake zizi langu, na ule ubao wa tatu uliovunjika.

"Nani amechora?"

"Si unajua. Huweka moja kila Ijumaa. Watu wanaifuata sana."

Nilimwambia tu aniwekee kwa simu yangu, na anionyeshe pa kubonyeza. Akaniuliza tuweke picha gani pale penye picha ya mtu, nikasema uso wangu siuweki, mjukuu wangu asijue nasoma. Ningeanzaje, baada ya yale niliyomwambia? Mlangoni kulikuwa na kabeji nimetoka kukata. Nikasema weka hiyo, na jina liwe Kabeji.

Ikawa kila Ijumaa saa kumi, kabla ya kukamua, nageuza kreti ukutani penye jua, nakaa, nasoma. Nilimwona mzee wangu akitembea tena, kofia yake imekaa upande. Nilimwona na yeye mwenyewe, mtoto mdogo mwenye pengo la meno mawili, akibeba ndoo kubwa kuliko yeye. Nilikuwa nikimaliza narudia. Halafu nashuka chini kusoma maneno ya watu.

Sikujua kama kuna watu wa namna hiyo duniani. Wanabishana juu ya katuni kama wazee wanaobishana juu ya mpaka. Mmoja anauliza, sehemu ya pili ng'ombe walikuwa wawili, ya tatu wakawa watatu, huyo mwingine ametoka wapi bila dume kuonekana? Mwingine anasema mbwa aliyebweka leo alizikwa sehemu ya kwanza. Kitu kama hicho wanakiita shimo, mahali hadithi haishikani, na akilipata mtu anafurahi kama ameokota pesa. Wengine ugomvi wao ni juu ya utani.

"Utani umezidi. Nilikuwa karibu kulia, akaleta mambo ya kuku."

"Si ndio maisha hiyo, bro. Unalia, unacheka."

"Zii. Wacha nilie kwanza."

Ijumaa moja akachora siku ya kuchimba viazi. Watu wameinama na jembe uma, magunia yamepangwa, mimi nimesimama katikati nikitoa amri. Vizuri sana. Lakini shamba lote lilikuwa la kijani, na maua meupe yamejaa juu ya viazi.

Sasa hilo halikuniingia. Viazi vikiwa na maua havichimbwi. Unangoja maua yaanguke, majani yakauke au uyakate, halafu ungoje tena wiki mbili ngozi ishike. Ukichimba na maua, ngozi inatoka kwa kidole, na kiazi kinaoza kabla ya kufika sokoni. Huyu mtoto nilimfundisha mwenyewe. Nikaandika. Nilianza chai ikiwa jikoni haijachemka, nikamaliza ikiwa imepoa kikombeni: "Viazi vikiwa na maua havichimbwi. Huyu mchoraji hajui shamba."

Nikaenda kukamua. Niliporudi, watu kumi na mmoja walikuwa wamenijibu.

"Kabeji ameongea!"

"Boss, relax, ni katuni tu."

"Kabeji ako na ukweli. Mimi ni wa Kabazi, hata huku kwetu viazi haichimbwi na maua. Hilo ni shimo."

"Shimo ya viazi, hahaha."

Watu kumi na mmoja. Nilikuwa sijaongea na watu kumi na mmoja kwa wiki moja tangu mazishi ya mzee. Nilihesabu tena ili niwe na hakika.

Nitasema ukweli. Kama ningeandika kwamba katuni ni nzuri, hakuna ambaye angenijibu. Waliosema ni nzuri walikuwa wengi na walipitwa tu. Lakini mwenye kukosoa anajibiwa. Kwa hivyo nikawa mkosoaji. Ndoo ya maziwa haishikwi hivyo. Mvua ya Dundori haitoki upande huo. Jirani hawezi kuingia na kukaa kabla hajaambiwa karibu. Kila Ijumaa walikuwa wakiningoja: "Kabeji yuko wapi? Kabeji, leo hakuna shimo?" Na mimi, mwanamke mzima, nilikuwa nikiamka Ijumaa nikiwa na haraka.

Mjue pia kwamba kwetu mtoto hasifiwi usoni. Mama yangu hakunisifu hata siku moja. Alikuwa anaonyesha mahali mshono umepinda, basi. Ukionyeshwa kosa ujue unaangaliwa. Asiyekupenda atakuacha uende na mshono wako uliopinda. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na hivyo ndivyo nilivyolea. Nilidhani mchoraji anaelewa.

Halafu ikafika Ijumaa ya mazishi.

Alichora mazishi ya mzee wetu. Hema, viti vya kukodisha, akina mama kwa masufuria. Jamaa mmoja amesimama na karatasi anasoma maisha ya marehemu: "Alikuwa mtu wa bidii, mtu wa kuamka alfajiri." Kwa picha inayofuata ng'ombe watatu wamegeuza vichwa zizini kumwangalia jamaa mwenye karatasi. Na kwa picha ya mwisho mjane yuko nyuma ya stoo ya viazi, ameuma leso, machozi yanatoka, na anacheka.

Ubishi ukawaka. Wengine walisema ni sehemu bora kuliko zote. Wengine wakasema ameharibu, mazishi ni ya kulia, utani mahali hapo ni kumtemea marehemu. Wakauliza, "Kabeji anasemaje?"

Niliandika: "Mjane hacheki siku ya kumzika mume wake. Huyo mama tumemwona tangu mwanzo, ni mtu mkali, hawezi kufanya hivyo. Hapa hadithi imevunjika. Mchoraji amesema uongo."

Yeye hakuwa na desturi ya kujibu. Siku hiyo alijibu.

"Sikusema uongo. Nilikuwa na miaka tisa. Nilienda nyuma ya stoo nikamkuta anacheka mpaka amekaa chini. Akaniambia nikimwambia mtu atanichapa. Sijawahi kumwambia mtu mpaka leo."

Niliweka simu juu ya mapaja. Mnadhani nilikuwa nimesahau? Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeamua kwamba haikutokea.

Mzee wangu hakuwahi kuamka alfajiri hata siku moja ya ndoa yetu. Chai alipelekewa kitandani. Kwa baridi ya huku, ng'ombe nilikamua peke yangu miaka yote, na yeye akitoka jua likiwa limeshapanda ananyoosha mikono na kusema, "Leo tumeamka mapema." Tumeamka! Siku ile jamaa aliposoma yale maneno mbele ya kanisa lote, nilisikia sauti ya mzee kabisa, karibu na sikio. Mtu wa kucheka naye lile jambo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ndani ya sanduku. Nikakimbilia nyuma ya stoo. Nilicheka, ndiyo, na nilikuwa sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

Yule mtoto aliona yote mawili. Ndiyo maana alichora machozi na kicheko kwa uso mmoja, na watu wazima wakawa wanabishana kipi kimezidi.

Ijumaa iliyofuata hakukuwa na katuni. Kulikuwa na maneno tu: "Labda Kabeji amesema kweli, sijui kuchanganya kilio na kicheko. Nimesimamisha kwa sasa. Asanteni."

Mashabiki wakanigeukia. "Kabeji umeua stori yetu." "Kabeji rudi shambani." Nilikuwa shambani.

Ijumaa tatu nilikaa kwa kreti. Nilikuwa najua hakuna kitu lakini nilifungua. Ukungu ukashuka mpaka nikawa sioni mlango wa mwanangu. Mke wake akaja kuchukua moto, akaniangalia, akasema, "Mama, mwambie." Nikamwambia aende na moto wake.

Jumatatu nikapiga simu. Alishika haraka, pumzi juu.

"Shosho! Kuna nini? Nani?"

"Hakuna mtu amekufa."

"Sasa?"

"Kabeji ni mimi."

Nikasikia mashine ya kuchapa ikienda, chaka chaka.

"Kabeji gani?"

"Wa viazi na maua."

Mashine ikasimama.

"Shosho, ni wewe uliandika mjane hacheki?"

"Ni mimi."

"Na ulicheka."

"Nilicheka."

"Nililia wiki nzima, shosho. Nilikuwa nachapa vitabu vya mazishi ya watu na nalia, wateja wakadhani ni huruma." Alijaribu kucheka, haikufika. "Si ungesema tu umependa?"

"Kama sikupenda ningekuwa nasoma kila Ijumaa?"

"Sasa mimi ningejuaje?"

Nimewajibu machifu, nimewajibu madalali wa viazi, lakini kwa huyo mtoto nilihamisha simu sikio la pili.

"Ile ya mazishi," nikasema mwishowe, "haina kosa."

Nikasikia akivuta kiti.

"Ubao wa zizi ulichora sawa pia. Na kofia ya guka yako, ile ya kukaa upande."

"Asante, shosho."

"Viazi viko karibu. Utakuja?"

"Nitaona. Nina mteja hapa." Akakata.

Ijumaa hiyo hakukuwa na kitu. Iliyofuata pia. Mashabiki wengine walishaenda zao kwa katuni nyingine. Yule wa Kabazi peke yake aliandika, "Bado tunangoja." Nilitaka kumjibu, nikafuta.

Majani ya viazi yakaanguka, yakawa kahawia, na mwanangu akaanza kutafuta watu wa kuchimba. Jana mchana nikiwa nachambua maharagwe simu ikalia kidogo. Ujumbe wa mjukuu wangu, mstari mmoja, hakuna salamu: "Shosho, majani ya viazi yakikauka hubaki rangi gani?"

Nilisoma kwa kidole mara mbili. Jibu nilikuwa nalo refu: rangi, siku, na jinsi shina linavyovunjika ukilikanyaga. Nikaandika maneno mawili tu: "Njoo uone."

Hajajibu.

Leo asubuhi, wachimbaji wakiwa bado wanakunywa uji, nilimwita mwanangu na mke wake wakasimama mlangoni kwangu. Nilimwambia mwanangu atoe macho kwa simu, akayatoa. Nikawaambia: "Ile mistari mitatu ya juu, karibu na uzio, isichimbwe mpaka msichana aje. Mtu asiiguse, hata mvua ikija. Na akija akachora maua juu yake, nyamazeni. Nikifungua mdomo, mninyamazishe na mimi."