Nyayo Sita

Ungemwona fundi cherehani yule, futi shingoni na pini mdomoni, ungedhani hana neno na mtu. Thubutu! Alikuwa na kinyongo cha miaka ishirini na mitatu, na alikilea kama mwanawe wa kumzaa.

Kisa ni kijiti. Usichanani alikimbia wa mwisho kwenye mbio za kupokezana, na wa kumpa kijiti alikuwa rafiki yake, waliyemwita Mapafu. Timu ya kushinda fainali ingechukuliwa nzima na shule ya bweni, ada bure. Mapafu akaja, akanyoosha mkono, kijiti kikaanguka. Shule ikaota mbawa, yeye akapelekwa kujifunza kushona. Hakumwambia Mapafu neno, siku ile wala baadaye. Alitokota tu ndani kwa ndani.

Siku hizi, jioni, Fundi huwafundisha wasichana wa shule ya jirani mbio zile zile. Mwaka huu Mapafu, sasa muuguzi, akamleta bintiye kwenye timu.

"Loo, umejileta," Fundi akasema moyoni.

Akampanga binti wa tatu, pale pale pa mama yake. Mtoto hodari, tena ndiye aliyewabebea wenzake maji. Fundi hakutaka kuliona hilo.

Sasa, mpokeaji humsubiri mwenzake akanyage alama ya chaki, kisha hutimka bila kugeuka tena. Alama yao ilikuwa nyayo ishirini nyuma ya mpokeaji. Asubuhi ya fainali Fundi, ambaye hajawahi kukosea kipimo cha suruali, aliifuta kwa kiatu, akachora nyingine nyayo sita nyuma zaidi. Mpokeaji angeondoka mapema mno, na binti asingemfikia ng'o. Lawama zote zingekuwa zake, mbele ya mama yake.

Ikawa hivyo hivyo. Binti alikuja akiongoza, akakanyaga alama, mwenzake akachomoka. Akamkimbiza, akanyoosha mkono mpaka bega likataka kung'oka. Kijiti kikaanguka. Akapiga magoti akilia, "Nisameheni, nimewaangusha!" Fundi alisikia utamu, nisikufiche. Utamu haswa.

Mapafu akashuka jukwaani mbio, akamkumbatia bintiye, kisha akamgeukia Fundi.

"Mwenzangu, hebu mwambie. Siku ile mkono ulinitoka jasho, nikakuharibia maisha, na hukunilaumu hata kwa neno moja. Mpaka leo nawasimulia watu. Nimemleta kwako ajifunze moyo huo."

Utamu wote ukamgeukia shubiri. Binti alikuwa amemkazia macho, akingoja. Fundi akaangalia kiatu chake, cheupe kwa chaki.

"Si kosa lako, mwanangu," akasema. "Alama niliichora mimi. Ni… nilikosea kipimo."

Machozi yakamtoka palepale, mtu mzima yule. Binti akajifuta uso kwa mkono wa fulana, akainuka, akamshika bega.

"Basi usilie, mwalimu. Kila mtu hukosea. Hakuna atakayekulaumu."

Akaenda kumletea maji.