Niliwafungia Mlango Wageni wa Mama

Kosa ni langu, wala simsingizii mtu. Nilimnyima mama yangu watu wake kwa ajili ya neno moja la watu waliokwisha kufa zamani.

Tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na mama, mjini Sib huku kwa Waarabu. Mimi nilisoma Ayalandi, nikarudi na wazimu wa lugha yao ya kale. Nilikuwa naandika makala juu ya neno lao la mwanamke: ben. Neno lina vituko hilo! Ukitaka kusema "ya mwanamke" linageuka mná, hata hulitambui tena. Na asili yake ni moja na zan ya Waajemi, hapa ng'ambo ya bahari tu. Lilinikosesha usingizi.

Sasa, kila alasiri shoga zake mama walikuja kunywa kahawa. Kiswahili na Kiarabu kwa pamoja, vicheko vinafika kwa jirani. Mimi chumbani, kichwa kinaniuma. Siku moja nikatoka, nikawaambia mbele ya mama kwamba nina kazi, wasije mpaka nimalize.

Walipoondoka, mama akaniuliza, "Wamekula nini chako, mwanangu?"

Nikarudi chumbani, nikafunga mlango.

Hawakurudi. Kwetu mtu akifukuzwa mlangoni mara moja hangoji ya pili. Mama akawa anapika kahawa, anakaa nayo peke yake, mwisho anaimwaga. Nami nikafurahia kimya kile, mjinga mkubwa! Mwezi haukwisha, akahamia Sidab kwa dada yake.

Makala niliimaliza. Nikainuka nimwambie mtu, hakuna mtu. Nililia.

Ijumaa nikaenda Sidab. Nilimkuta kazungukwa na wanawake, anacheka. Nikashika birika nimmiminie, maana mdogo ndiye anayemimina. Nikamwambia nimemaliza kazi, turudi nyumbani, na shoga zake nitawaomba radhi mmoja mmoja.

Akanywa taratibu. Nilipoinua birika nimwongeze, akakitikisa kikombe, kama tufanyavyo mtu akishatosheka, akanirudishia.

"Hapa nnatosheka, mwanangu," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo. Hilo ndilo lililoniumiza.

Nyinyi mlio na wazee nyumbani, vumilieni kelele za wageni wao, tena wapikieni kahawa nyinyi. Mimi alasiri napika yangu, namimina vikombe viwili kwa mazoea, kimoja kinapoa. Ukimya nilioutaka ninao sasa, nyumba nzima.