Wanawake Tuliowaosha Uso

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Mbale, nilipewa kofia iliyonizidi kichwa na sanduku la risasi la kukalia, kwa kuwa viti vya kituo viliporwa vitani. Mkuu wa kituo, Inspekta kutoka kaskazini, aliniweka kaunta.

"Kazi yako ni kusikia," aliniambia. "Mtu akilia, andika. Akitukana, andika. Kuamini ni kazi ya hakimu."

Kazi hiyo tuliiita kuchukua maelezo: mlalamikaji anasimulia, askari anaandika, kisha anamsomea na yule anatia dole gumba. Majeraha yalipaswa kukaguliwa na daktari wa serikali, lakini vita vilikuwa vimemkimbiza, kwa hiyo tuliyakagua wenyewe kwa macho.

Ndipo akaja Zaina, mke wa Musa, mwuza vitambaa. Jicho lake moja lilikuwa limezungukwa na weusi wa zambarau. Alisema mumewe amempiga. Musa alikana, tukamtia selo. Alipokuwa ndani, ndugu yake akahamisha vitambaa vyote dukani. Tulimwita Zaina tena, akanyeshewa njiani, na lile jeraha likamtiririka shavuni mbele yetu. Lilikuwa maji ya matunda ya jambula, yaani zambarau. Akakiri kwamba shemeji yake ndiye aliyempaka, akimtishia kumfukuza nyumbani.

Musa alitoka akakuta duka tupu. "Afande, mtanirudishia nini?"

"Jina lako, bwana," Inspekta akajibu.

Shemeji hatukumshtaki. Badala yake Inspekta aliweka beseni, sabuni na kitambaa kaunta, na kila mwanamke aliyesema amepigwa alisuguliwa uso kwanza. Nilipohamishiwa kituo kidogo upande wa Jinja, nilimweleza Sajini, mkuu wa pale, habari ya Zaina. Alicheka mpaka akashika meza, akatuma mtu akanunue sabuni.

Nabirye, mchuuzi wa samaki kutoka Wanyange, alifika siku ya soko, kituo kikiwa kimejaa watu. Jicho lake lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

"Mama, kuja hapa," Sajini akamwita. "Osha uso kwanza."

"Afande, mimi ni sahani?"

Watu wakaangua kicheko, nami pia. Nikalowesha kitambaa.

"Kama ni kweli, maji haitatoa," Sajini akasema.

Nilisugua. Haikutoka rangi yoyote. Alipiga kelele, na mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Sugua vizuri, hawa wanajua kupaka!" Nabirye akanisukuma mkono, akajifunga leso, akaondoka kabla sijaandika hata jina lake. Hakuna aliyemfuata.

Mumewe alipompiga mara ya pili, hakuja kwetu. Alipelekwa hospitali, na jicho lile likapotea. Kesi ilipofika mahakamani Jinja nilikuwa zamu ya kulinda mlango. Mumewe alidai kwamba mkewe alianguka penye mawe ya ziwani.

"Kama alikuwa na desturi ya kukupiga," wakili wa mume akauliza, "kwa nini hukuripoti polisi hata siku moja?"

"Nilienda. Wakaniosha."

Hakimu alidhani hakusikia vizuri. Nabirye akarudia, kisha akaeleza beseni na sabuni. Hakimu akamwuliza mwendesha mashtaka yako wapi maelezo ya siku hiyo. Hayakuwepo. Akauliza ni askari gani aliyemwosha. Nabirye aligeuka, akanitazama mlangoni kwa jicho lililobaki.

"Wote walicheka," akasema.

Mimi sikufungua mdomo. Mume aliachiwa, kwa kuwa lilibaki neno la mke dhidi ya neno la mume.

Sasa nimestaafu, nalima Buwenge. Askari vijana wanaonitembelea huniuliza namna ya kumtambua mwanamke mwongo. Wanatarajia mbinu. Ninawaambia waandike kwanza, na ninaona usoni mwao kwamba jibu hilo ni dogo mno kwa mzee aliyevaa sare miaka mingi. Kwa hiyo huwasimulia jioni ya hukumu ile. Nilipotoka zamu nilipita stendi. Teksi ya kwenda Wanyange ilikuwa inajaza abiria. Nabirye alikuwa ameketi dirishani, na mume wake kando yake.