Kwaya Isiyo na Vichwa

Jambo hili nimelificha kwa miaka mingi, ingawa kulificha kwenyewe ni kujidanganya tu, maana kutoka Kidatu mpaka Mlimba wapo watu wanaolijua kuliko mimi, na wengine wakilisimulia wananiongezea na kitambi ambacho wakati ule sikuwa nacho. Basi bora nilisimulie kwa mdomo wangu mwenyewe. Atakayecheka acheke, aibu yenyewe nilishaimaliza.

Nilikuwa mpiga picha pale Ifakara, miaka ya tisini, wakati picha ilikuwa kitu cha kuvalia nguo. Nilikuwa na chumba kimoja karibu na soko, pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na nyuma yake chumba cha giza nilichokiziba kwa mablanketi ili nisafishie mwenyewe picha nyeusi na nyeupe (za rangi zilikuwa zinakwenda Morogoro, unasubiri wiki mbili, wakati mwingine tatu). Kamera yangu ilikuwa moja, kubwa, ya chuma, niliyorithi kwa mjomba, na ukiivaa shingoni asubuhi, ikifika jioni unatembea kama mtu anayetafuta shilingi iliyomdondoka. Tena haikutembea peke yake, ilikuwa na flashi yake, na stendi ya miguu mitatu, na begi la ngozi lililonichubua nyonga. Lakini picha zake, jamani, ungeweza kuhesabu kope.

Halafu ikaja ile ndogo. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliniachia kwa kubadilishana na ngoma mbili na kigoda, na mimi nikaona nimempunja. Iliingia kwenye mfuko wa shati. Ukibonyeza inafumbua jicho, inapima mwanga yenyewe, inavuta mkanda yenyewe, wewe kazi yako ni kuchungulia kwenye kitundu cha pembeni na kusema tabasamuni. Niliijaribu uani kwa wanangu, kivulini, nikawapiga walewale kwa ile kubwa, nikatuma Morogoro, na zilipokuja nikazilaza mezani mbili mbili. Sitawadanganya, tofauti ilikuwepo: ndogo ilimpa mwanangu Sevi uso uliolegea kingo, kama wali uliozidiwa maji, na kubwa ikamtoa mpaka kovu la tetekuwanga. Nikawa nazitazama kila siku, kubwa ina picha, ndogo ina wepesi, kubwa ina picha, ndogo ina wepesi, mpaka mke wangu akaniambia niziondoe mezani, watu wapate kula.

Ndipo alipokuja Mwalimu Deo, mwalimu wa kwaya ya kigango kimoja huko mbele ya Mchombe. Kwaya yake ilikuwa imerekodi kaseti Dar es Salaam, nyimbo kumi, na studio ilikuwa inasubiri picha ya jalada. Picha isipofika siku waliyopangiwa, kaseti itatoka na picha ya maua, kama walivyofanyiwa wote waliochelewa. Mwalimu Deo aliyataja hayo maua kama mtu anayetaja ugonjwa. Nikamwambia aondoe shaka, nitakwenda mwenyewe.

Sasa nikapiga hesabu zangu. Njia ya kule ni vumbi tupu, usafiri ni juu ya magunia kwenye lori la mpunga, na jalada la kaseti ni dogo kuliko kiganja. Picha ndogo, kamera ndogo, kuna haja gani ya kubeba chuma? Mama Sevi aliniona ninaitia ile ndogo mfukoni, akaacha kuchambua mchele.

"Mtu anayekwenda kulima," akasema, "hachukui jembe la mtoto kwa sababu ni jepesi."

Nikaondoka nayo. Mimi nikishaamua nimeamua, na hilo ndilo tatizo langu mpaka leo.

Nilifika mikono mitupu, naona raha, wanakwaya wananiuliza kamera iko wapi, nami ninagonga mfuko wa shati kama bwana shamba anayeonyesha kalamu. Walikuwa watu ishirini na wawili, sare mpya za bluu, kola nyeupe. Walinipa masharti mawili. La kwanza, viatu vyote vionekane, maana kwetu picha isiyofika miguuni si picha, watu watasema ulipigwa ukiwa pekupeku na sare ya kuazima. La pili, milima ya Udzungwa iwe nyuma yao. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, nikaingia kwenye matuta ya mihogo ya mtu, mpaka viatu arobaini na vinne vikaenea kwenye kitundu.

Ila ilikuwa kama saa kumi jioni, na saa kumi jua la kwetu linakuwa upande uleule wa milima, yaani lilikuwa linanitazama mimi usoni. Kwa mpiga picha hilo si tatizo. Unainua mkono wa kushoto, unakinga lenzi kwa juu kwa kiganja, jua lisiingie, kisha unapiga. Nimefanya hivyo tangu kwa mjomba, mkono unakwenda wenyewe. (Na hapa ndipo mnielewe vizuri: ile kamera kubwa unachungulia kupitia lenzi yenyewe, kwa hiyo kiganja kikishuka sana unakiona, unakiondoa. Ile ndogo unachungulia kwenye kitundu cha pembeni. Lenzi inaona yake, wewe unaona yako.) Nikakinga, nikapiga. Nikapiga mara kumi, na zote kumi nikakinga kwa uaminifu mkubwa.

Bahasha ilirudi kutoka Morogoro Jumamosi, imegandishwa kwa gundi, na mtu mwenye akili angeifungua. Mimi sikuifungua. Siku ile ya kupiga kuna mama alisema wapiga picha wa mjini huwa wanaficha zile nzuri, nami kwa kiburi nikatangaza kwamba bahasha itafunguliwa mbele ya waumini wote. Basi Jumapili hiyo nikaipeleka vilevile. Ibada ilipokwisha katekista akatangaza kwamba picha zimefika, watu wasitoke, wanakwaya wakaja mbele, nami nikachana bahasha kama mtu anayehesabu kura.

Ya kwanza niliyoitoa nilidhani ni ya mtu mwingine. Chini kulikuwa na viatu, safi kabisa, vyote arobaini na vinne, juu yake sare za bluu, juu ya sare kola nyeupe, na juu ya kola wingu la kahawia lililotanda kutoka ukingo mpaka ukingo. Milima hakuna. Vichwa hakuna. Nikatoa ya pili, na ya tatu, na kabla sijazirudisha Mwalimu Deo akainyakua moja, na ikishafika mikononi mwa watu basi tena, zikatembea kanisa zima, benchi kwa benchi.

Watu walianza kujitafuta. Huyu mimi, hivi si viatu vyangu vya kamba. Yule ni Anjela, ona soksi. Katekista akaishika moja, akaileta karibu na macho, akaisogeza mbali, kisha akauliza kwa upole viatu vyake vyeusi vilifikaje miguuni mwa Mwalimu Deo. (Mke wa katekista alikuwa amemwazima Mwalimu bila kumwambia mumewe, na ugomvi wa viatu vile ulidumu mpaka mavuno.) Kanisa likaanguka kwa kicheko, akina mama wanashikana mabega, na mimi nimesimama pale mbele, pale pale anaposimama anayehubiri.

Mwalimu Deo hakucheka. Alisubiri kelele zipungue.

"Fundi," akasema, "sisi tunaimba kwa vichwa au kwa viatu?"

Nikajaribu kueleza habari za jua na kiganja. Mwimbaji mmoja wa sauti ya pili, Mama Yustina, mzee kuliko wote katika kwaya ile, akasema mkono wangu aliuona, ila alidhani ndio ufundi wenyewe. Wakacheka tena. Lakini yeye alipokaa alibaki na ile picha mapajani, anapitisha kidole kwenye lile wingu, mahali ambapo uso wake ungekuwa. Nikamfuata kumwomba radhi.

"Shikamoo mama. Nimekukosea."

"Marahaba. Mwanangu wa kike yuko Tunduma, mwaka wa sita huu hajaja," akasema, wala hakunitazama. "Kaseti zinapanda treni, zinafika kule. Nilitaka akiinunua anione."

Kicheko cha kanisa zima nilikivumilia, lakini hilo lilinichoma. Nikasimama nikauliza picha inatakiwa lini. Mwalimu Deo akasema yeye anapanda treni ya Dar Alhamisi, na hakuna siku nyingine. Ya rangi isingewezekana tena, Morogoro ni mbali. Nikawaambia Jumanne jioni nitakuwa hapa na kamera kubwa, nitawapiga nyeusi na nyeupe, nitasafisha mwenyewe, na Alhamisi treni ikisimama Ifakara picha ataipokea dirishani. Hakuna aliyesema ndiyo, kuna mmoja tu aliyeuliza kama nitakuja na mikono yote miwili.

Jumanne hakukuwa na lori. Nikafunga begi na stendi nyuma ya baiskeli kwa mipira, nikatoka alfajiri. Kila shimo la njia ile lilinikumbusha ile ndogo iliyolala kabatini kwa starehe. Mnyororo ulikatika mara moja, nikaukarabati kwa jiwe. Palipokuwa na mchanga nilisukuma, palipokuwa na tope la ng'ombe wa Wasukuma nilibeba, kamera begani na baiskeli mkononi, na kila aliyenipita aliniuliza kwa nini najitesa, nami nikasema ninakwenda kuchukua vichwa. Nilifika saa kumi, mashati mawili yameloa, na Mwalimu Deo akagonga lile rimu la gari linalotumika kama kengele, watu wakatoka mashambani, wakaosha miguu, wakavaa sare.

Nikasimamisha stendi, nikafunga kamera, nikawapanga. Ndipo wakagoma.

Walisema hawapigwi mpaka wahakikishe. Nikaeleza kwamba kamera hii ni tofauti, kinachoonwa na lenzi ndicho ninachokiona mimi, hata kiganja kikija nitakiona. Hawakuamini (na mimi ningekuwa wao nisingeamini). Mama Yustina akaamua kwamba kila mtu aje achungulie mwenyewe, na mimi niweke kiganja, niondoe, niweke, niondoe, mpaka aridhike. Watu ishirini na wawili wakapanga foleni. Kila aliyechungulia alishangaa, akawaita wenzake kwa majina kuwapima kama wanaonekana, akauliza mbona fulani amevimba. Sauti ya nne peke yake walichukua muda wa kupika maharage. Mimi nilikuwa nalitazama jua tu, na lilipozama nyuma ya Udzungwa walikuwa wamebaki sita. Nikawaacha wachungulie wote. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba siondoki bila picha, na siipigi kabla hawajanikubali.

Mwanga uliobaki ulikuwa wa kijivu, mtulivu, unatosha picha mbili ikiwa watu hawatapumua. Jua la kukinga halikuwepo tena. Nikashika kitufe kwa mkono wa kulia.

"Na wa kushoto?" akauliza Mama Yustina kutoka mstari wa mbele. "Uinue juu, tuuone."

Nikauinua. Nikauinua juu kabisa, kama shahidi mahakamani, nikawaambia wasipumue, nikapiga ya kwanza, nikapiga ya pili, giza likaingia.

Alhamisi treni iliposimama Ifakara nilimpa Mwalimu Deo bahasha dirishani, na safari hii nilikuwa nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Vichwa vyote ishirini na viwili vilikuwepo, na milima, na viatu, na kope ungeweza kuzihesabu. Ubora wa kamera ile kubwa ndio ulionimaliza, maana ndogo ingefifisha, watu wasijue. Hii ilionyesha mboni za macho. Na macho yote arobaini na manne yalikuwa juu, yanalinda mkono wangu wa kushoto.

Kaseti ilitoka hivyo hivyo. Sokoni watu waliisifu, wakasema hii ndiyo kwaya, ona wanavyotazama mbinguni, na mimi nikawaacha waamini hivyo. Miezi ikapita, kisha siku moja Mama Yustina akaingia studio kwangu na barua kutoka Tunduma. Hakuniomba niisome, aliisoma mwenyewe, polepole. Mwanawe alikuwa ameiona kaseti kwa muuzaji pale stesheni, akamjua mama yake kabla hata hajasoma jina la kwaya, akalia mbele za watu. Mwishoni aliuliza swali moja: mama, siku ile mlikuwa mnatazama nini?

Nikamsihi amwambie mbinguni. Akaikunja barua, akaitia kwenye kanga, akasema mtoto wake hamdanganyi.

Nimeapa, na kiapo hiki nimekishika: kazi ya watu naiendea na kile chuma, liwe jua liwe tope, na bega langu la kushoto limeshuka mpaka fundi cherehani wangu hanipimi tena, analijua. Mama Yustina alijibu barua, akaandika kila kitu, kurasa tatu. Ndiyo maana nikienda hata Tunduma, ambako sijawahi kumpiga mtu picha, wananiuliza mkono wa kushoto uko wapi.